Mikaratusi ya Baba Korongoni

Jumamosi, 1 Februari 2025

Mgongo wangu jamani! Leo ilikuwa siku ya kusafisha mfongo, mfereji wetu wa maji, na aliyekwenda na jembe kwa niaba ya nyumba yetu ni mimi. Zamani mwanamke hakuruhusiwa hata kukisogelea kichwa cha mfongo. Siku hizi wanaume wako Dar, na matope hayasubiri likizo ya mtu.

Tumeanzia chini kwa akina Flavia, tukapanda na mfereji mpaka huku juu kwetu, kwenye chemchemi ya korongoni. Nilitarajia kadiri tunavyopanda maji yatazidi. Wapi! Membamba vilevile mpaka juu. Nikalitia jembe kwenye jicho lenyewe la chemchemi, likanasa. Nikavuta. Likatoka fungu la mizizi, imesukana kama mkeka. Nikaivunja, nikainusa. Mkaratusi! Harufu ileile ya kujifukizia mafua.

Watu wote wakanigeukia mimi. Mikaratusi ya korongoni ni ya kwetu sisi, aliipanda Baba. Mstari mzima, kuanzia kaburini kwake mpaka kwenye maji. Enzi hizo wataalamu walipita wakisema pandeni miti, na Baba akapanda kuliko wote, akapewa na baiskeli mbele ya mkutano. Tumekua tukijivunia miti ile.

Flavia hakugomba. Alisema tu, taratibu, kwamba kumbe maji yao yanaishia kwetu. Migomba yake imekuwa myembamba kama mikono ya mgonjwa, nimeiona leo kwa macho yangu. Afadhali angenitukana.


Jumapili, 2 Februari

Nimetoka ibadani nikampigia Eliezeri. Ndiye mdogo wetu wa mwisho, kwa hiyo kwa mila kihamba hiki, shamba la nyumbani, ni chake Mama akifumba macho. Mimi niliolewa, nikaachika, nikarudi. Ninamtunza Mama na ng'ombe wawili. Hilo ndilo fungu langu na sijawahi kulalamika (nimelalamika, lakini si sana).

Nikamweleza habari ya mizizi. Nikamwambia inabidi ile miti ikatwe kabla ya masika, tupande mikuyu, miti ya maji, kama ilivyokuwa kabla ya Baba. Kwanza alicheka. Halafu akaniambia maneno! Eti nimeachika kwa mume sasa nataka kukiachisha na kihamba miti yake. Eti Baba angali mbichi kaburini — miaka sita! Eti nisithubutu.

Nilikata simu. Nikarudi kumenya ndizi. Mama akauliza nani huyo. Nikasema mtandao mbovu.


Jumanne, 4 Februari

Nimeshuka korongoni peke yangu baada ya kukamua.

Mikaratusi ni mizuri, lazima niseme. Imenyooka, gome linabanduka, chini yake jeupe. Haikujipanda. Haina kosa lolote, inakunywa tu kama ng'ombe anavyokunywa. Na Baba naye hakukosea. Aliambiwa ni jambo jema, akalifanya kwa jasho lake.

Kwa hiyo hakuna mwenye kosa. Ndivyo nilivyojiambia pale, na nikaona raha kidogo. Halafu nikatazama lile jicho la maji. Niliposoma darasa la kwanza lilinifika magotini. Leo halifuniki nyayo. Kaa wadogo wa mtoni hawapo. Vyura hawapo. Ni lini niliwasikia vyura mara ya mwisho? Sikumbuki, na huwa nalala hatua chache tu kutoka pale.

Baba hakujua. Mimi nimeshajua. Basi hapo lawama imetoka kwake, imekuwa yangu.


Alhamisi, 13 Februari

Moshi mjini. Kibali! Hata ukikata mti wa shambani kwako lazima ukiombe, na kwa hilo siwalaumu, mlima huu umenyolewa vya kutosha. Afisa ni kijana mpole, wiki iliyopita alinishikia fomu akicheka: mama, wenzako wote wanadanganya wapate mbao, wewe unakata upate maji? Nikamwambia njoo unuse mizizi. Alikuja, juzi. Akanusa. Leo kasaini.

Mama ndiye mwenye kihamba kwa sasa, kwa hiyo dole gumba ni lake. Niliogopa kumwomba. Macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, lakini akili ni wembe. Alikubali upesi kuliko nilivyofikiri. Akaweka dole, akajifuta wino kwenye kanga, ndipo akauliza:

"Sasa mimi nitalala na sauti gani?"

Maana upepo ukipita kwenye ile mikaratusi kunakuwa na mvumo, anasema ule ndio Baba anazungumza. Nikaenda kukata majani ya ng'ombe nikalia hukohuko.

Filbert wa chenso, ule msumeno wa mashine, nimeshamwona. Atakuja tarehe ishirini na sita.


Jumamosi, 22 Februari

Nimejifunga mwenyewe! Kwa mikono yangu miwili! Mjinga mimi!

Niandike kwa mpangilio. Asubuhi nafagia uani, naona gari, anashuka Eliezeri. Kutoka Dar, bila hata kupiga simu. Nyuma yake Baba mkubwa Ndelilio, kaka yake marehemu Baba, amevaa koti la kanisani. Na mkononi mwa Eliezeri — isale. Jani refu, bichi, limefungwa fundo.

Nani wa Uchaggani asiyejua mtu akija na isale amekuja kuomba msamaha? Na nani anakataa? Hata aliyekuvunjia nyumba, akikuletea isale unapokea, ugomvi umekwisha. Nikafikiri amekuja kufuta yale maneno ya kwenye simu. Moyo ukanilainika wote. Nikamwona tena vile nilivyombeba mgongoni. Nikatupa fagio, nikanyoosha mikono yote miwili, nikalipokea. Nikasema aika, asante mdogo wangu. Nilishaanza kulia!

Ndipo akapiga goti, akasema: "Dada, kwa isale hili ulilolipokea, nakuomba usiiguse miti ya Baba."

Baba mkubwa akakohoa, akasema vizuri, limepokelewa, na mimi nimeshuhudia.

Nilisimama na jani mkononi kama mtu aliyeshikishwa nyoka. Kwanza unauliza jambo, ndipo unapokea! Kila mtoto anafundishwa hivyo. Wazee wanakaa, wanauliza limekuja kwa sababu gani, wanazunguka weee, ndipo mkono unatoka. Mimi mkono ulitangulia.

Hawakukaa. Eliezeri alikataa hata chai. Alienda kaburini akasimama kidogo chini ya miti, mikono mfukoni, akarudi macho mekundu. Siwezi kusema anaigiza. Baba alipofariki yeye alikuwa safarini, akafika tumeshazika. Ile miti ndiyo mazishi yake. Nalijua hilo, na bado nina hasira naye.


Jumapili, 23 Februari

Sikusikia mahubiri. Isale liko juu ya kabati la vyombo. Halinyauki upesi, balaa hili.


Jumatatu, 24 Februari

Nimekwenda kwa Baba mkubwa Ndelilio. Shikamoo, marahaba, mbege ikaletwa, nikakaa. Nikamwambia isale ni la mtu aliyekosa anayeomba radhi. Eliezeri hakuomba radhi, alinifunga kamba. Je, hilo ni isale au ni mtego?

Akazungusha kibuyu. Akasema mbona mimi nina maneno mengi. Akasema lililopokelewa limepokelewa. Nikamuuliza: na maji? Nani amemwendea yeye, chemchemi, na isale? Tumemkosea miaka arobaini! Akacheka mpaka povu likamwingia puani, akasema maji hayana mikono ya kupokelea.

Nilijibu kwamba ndiyo maana nayasemea mimi. Hapo hakucheka. Akaniambia kwa sauti ya chini, na sidhani alikuwa ananitisha, alikuwa ananihurumia: mtu akivunja isale, lake halipokelewi tena. Utakosana na watu, maana kila mtu hukosana na watu, na utakuja na jani lako mlangoni, nao watalitazama tu. Mpaka utakapokufa, Yuditha.

Nimerudi kwa miguu njia nzima nikiwaza hilo. Mdomo wangu huu! Hakuna mwaka nisiokosana na mtu. Nani analihitaji isale kuliko mimi?


Jumatano, 26 Februari

Filbert alikuja na chenso begani. Akafika getini, akasimama. Ameshasikia. Kijiji kizima kimeshasikia. Akasema dada, mimi nina watoto, sitii msumeno kwenye mti uliowekewa isale. Nikamwambia lawama ni yangu, yeye ni mashine tu. Akasema hata mashine ina mama yake. Akaondoka, na hela ya mafuta akanirudishia.

Flavia naye alipanda jioni. Nilidhani amekuja kunisukuma. Kumbe! Amekuja kuniomba niache. Anasema hataki watu waje kusema Yuditha alivunja isale kwa sababu ya migomba ya Flavia. Atachota kule mbali, amezoea.

"Sikati kwa ajili yako," nikamwambia. Ilitoka kwa ukali, akashtuka. Lakini ni kweli, na sikuijua mpaka nilipoisema. Ningekuwa nakata kwa ajili yake, basi akisema acha, naacha, tumemalizana. Lakini lile jicho la maji lilikuwepo kabla yake na kabla ya ukoo wetu kufika huku, lilikuwa linatoka tu, bila kumdai mtu chochote. Sisi ndio tuliolifunga. Vyura hawawezi kuja uani kusema dada, tumesamehe, usijisumbue. Kwa hiyo siwezi kusamehewa. Naweza kufanya tu.

Flavia akasema ninaongea kama mchungaji. Tukacheka wote wawili, na haikusaidia.


Ijumaa, 28 Februari

Mawingu yameanza kukaa mlimani mchana. Wiki mbili, tatu, masika haya hapa. Miche ya mikuyu ninayo, iko nyuma ya banda. Isipoingia ardhini mvua hizi ni mwaka mwingine. Na mwaka mwingine kuna maji?

Nimelichukua isale juu ya kabati. Sikulitupa. Nililifunga vizuri kwenye karatasi, nitamrudishia mwenyewe mkononi, mchana, mbele ya watu. Sitasema sikuelewa. Sitasema nilidanganywa, ingawa nilidanganywa! Nitasema nililipokea na nimelivunja, mimi Yuditha, kwa akili zangu.

Nimemwambia Mama. Nilipiga magoti kabisa. Nikasema Mama, kesho natia shoka, na nitakuwa mtu aliyevunja isale, na utaishi na mtu huyo nyumba moja.

Mama alikuwa anakunywa mtori. Akamaliza. Akasema isale gani? Yeye na macho yake haya hajaona isale lolote. Nikasema Mama, usinifanyie hivyo, lilikuwepo. Akasema basi kama lilikuwepo usiliegemeze kwangu, libebe. Shoka la baba yako liko darini, mpini ulishalegea, uloweke.

Nimeloweka.


Jumamosi, 1 Machi

Mikono imechubuka, naandika kwa vidole vitatu.

Nimeanza na ulio karibu kabisa na maji, ule mnene. Nikausimamia kwanza. Sijui kwa nini, nikauambia pole. Kwa sauti. Nikasema wewe huna kosa, tuliokuleta ni sisi. Halafu nikapiga. Shoka likadunda! Mara ya kwanza liliacha alama kama ya ukucha. Nikapiga. Mchana wote nimepiga. Watu wakaanza kukusanyika ng'ambo ya korongo, hakuna aliyevuka. Hawakunizomea. Afadhali wangezomea, ningepata hasira. Walisimama tu kama wako msibani.

Sina mtu wa kunishikia, kwa hiyo nilipanda ngazi ya kuvunia parachichi nikafunga kamba juu nilipofika, ncha nyingine kwenye mti wa mpakani, mringaringa. Mti unatakiwa uangukie ubavuni, kwenye majani matupu. Ukiangukia chini unaziba jicho la chemchemi, na hapo nitakuwa nimeua nilichotaka kukiokoa.

Nguvu zimeniisha mti ukiwa nusu. Nusu! Hausimami, hauanguki. Unalia kidogo upepo ukipita, ndani kabisa, kwenye jeraha. Mama amekaa kibarazani anausikiliza. Maji ya moto ya mikono yangu alishayatenga.

Baba mkubwa amempigia Eliezeri. Mtu aliyesimama ng'ambo ndiye aliyenipazia sauti: yuko njiani, ametoka Dar.


Jumapili, 2 Machi

Kengele ya pili imeshalia na mimi niko na shoka. Mungu anaona. Mti uliokatwa nusu haujui Jumapili.

Eliezeri amefika. Naandika nimesimama jikoni, nimekuja kutafuta tupa, shoka limekuwa butu kama kijiko. Harakaharaka.

Alishuka korongoni na viatu vyake vya mjini. Nilikuwa nimejiandaa. Nikatoa isale kifuani, nikampa, watu wakiona. Nikasema nililipokea na nimelivunja, usimlaumu Mama wala Filbert wala Flavia, ni mimi. Hakulichukua. Wala hakunitazama. Alikuwa anautazama mti. Akapita mkono kwenye lile jeraha, akaubandika uso kwenye gome, akalia kwa sauti kama mtoto, mtu mzima mwenye kitambi, mbele ya kijiji. Na mimi nikalia. Nilisimama pale na jani nililokataliwa nikalia, lakini sikusema basi naacha. Nilijisikiliza kama nitasema. Sikusema.

Alipotulia akauliza unaelekea wapi. Nikasema ubavuni, kama kamba itashika. Akaitazama kamba. Akasema nani kafunga fundo hili la kijinga? Akavua viatu. Akavua na saa. Akaifungua kamba pale kwenye mringaringa, akaizungusha upya, akajifunga ncha kiunoni, akakaa chini na visigino ardhini. Nikamuuliza unanisaidia? Akasema hapana. Akasema hajanisamehe na hatanisamehe, na hii mingine nisiisogelee. Ila huu hauwezi kukaa hivi.

Nikasema mingine nitaisogelea, Eliezeri. Akasema kanoe shoka.

Tupa nimeipata, ilikuwa kwenye ndoo ya pumba. Mama ametoka kibarazani na fimbo yake, anapapasa njia ya korongoni, nimemwambia akae, hasikii. Sasa Eliezeri ananiita kutoka kule chini. Ananiita kwa jina langu, bila dada. Anasema upepo umegeuka, mti unaelekea kwenye maji, na peke yake hawezi kuushikilia.